Namba 46,189 na Mfupa wa Ishango



Wasomaji wapenzi, juma lililopita tuliwaachia vijana namba moja, 46,189, tukawaomba watafute ni namba zipi zinazoigawanya bila kuacha baki. Leo twatoa jibu. Lakini jibu hilo latupeleka mbali kuliko daftari la hesabu: latufikisha ukingoni mwa Ziwa Edward, katika eneo letu la Beni, kwenye mfupa mdogo uliotiwa alama miaka elfu ishirini hivi iliyopita. Wazazi nao wasome, kwa maana mwisho wa habari hii wawahusu wao zaidi kuliko watoto.

Tuanze na namba yenyewe. Wengi wakiona namba kubwa hushikwa na hofu, wakaiacha kwa walimu na makarani. Lakini wazee wetu wa Kiswahili walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Jahazi kubwa majini liliundwa kwa mbao moja moja. Na namba kubwa kadhalika iliundwa kwa namba ndogo. Kazi yetu ni kuzitafuta mbao zake.

Twaipima kwa utaratibu, kuanzia namba ndogo. Je, 2 yaigawanya? La, kwa sababu tarakimu yake ya mwisho ni 9, nayo ni witiri. Je, 3? Tujumlishe tarakimu zake: 4 na 6 na 1 na 8 na 9 ni 28. Kwa kuwa 28 haigawanyiki kwa 3, namba yetu pia haigawanyiki. Je, 5? La, maana haikuishia kwa 0 wala kwa 5. Je, 7? Mara saba 6,598 ni 46,186, yabaki 3. Hatuna haja ya kujaribu 4, 6, 8, 9 wala 10, kwa kuwa namba iliyokataa 2, 3 na 5 itazikataa hizo pia.

Sasa twafika kwenye 11, ambayo ina kipimo chake kizuri. Chukueni tarakimu moja, mruke moja, mchukue nyingine: 4 na 1 na 9 ni 14. Kisha jumlisheni zile mlizoziruka: 6 na 8 ni 14. Mkitoa 14 kwa 14 hakuna kinachobaki. Basi 11 yaigawanya namba yetu. Mwanafunzi mwenye akili asikubali kipimo hiki kwa sababu tu kimeandikwa gazetini. Na aulize sababu. Sababu ni hii: 10 imepungukiwa na moja kufikia 11, 100 yazidi 99 kwa moja, 1,000 imepungukiwa na moja kufikia 1,001, 10,000 yazidi 9,999 kwa moja. Na 99, 1,001 na 9,999 zote hugawanyika kwa 11. Ndiyo maana tarakimu moja huongeza na jirani yake hupunguza, zamu kwa zamu.

Tukigawanya 46,189 kwa 11 twapata 4,199. Hii haigawanyiki tena kwa 11, lakini 13 yaigawanya, nasi twapata 323. Nayo 323 yaikataa 13, ila yaikubali 17, nasi twapata 19. Hapo njia yaishia, kwa maana 19 haigawanyiki tena. Jibu letu basi ni hili: 46,189 ni 11 mara 13 mara 17 mara 19.

Namba za namna hii, zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, Kiswahili huziita namba tasa. Katika nyumba zetu neno hilo ni chungu, na wako akina mama waliolizwa nalo bure. Lakini katika hesabu jina hilo lina fumbo: hizo zinazoitwa tasa ndizo mama wa namba zote nyingine. Hakuna namba kubwa kuliko moja ambayo si tasa yenyewe wala haikuzaliwa na tasa. Twakumbuka Sara, na Ana mama yake Samweli, na Elisabeti: wote waliitwa tasa, na kutoka kwao Mungu alitoa uzao mkubwa.

Tena kila namba ina ukoo wake mmoja tu. Tafuteni duniani kote, hamtapata namba tasa nyingine ambazo zikizidishwa zitaleta 46,189. Ni 11, 13, 17 na 19, wala si nyingine.

Kutoka katika ukoo huo twaweza kujua vigawanyo vyote bila kubahatisha. Kila mmoja wa wale wanne aweza kuitwa au kuachwa. Njia mbili kwa kila mmoja, yaani 2 mara 2 mara 2 mara 2, ndiyo 16. Navyo ni hivi: 1, 11, 13, 17, 19, 143, 187, 209, 221, 247, 323, 2,431, 2,717, 3,553, 4,199 na 46,189 yenyewe. Kijana aliyepata vyote 16 anastahili sifa. Aliyepata vichache arudie, maana sasa anajua njia.

Sasa twende Ishango.

Ishango iko kwenye ufuo wa kaskazini wa Ziwa Edward, pale mto Semliki utokapo ziwani, ndani ya Hifadhi ya Virunga. Mwaka 1950 mtaalamu wa miamba kutoka Ubelgiji, Jean de Heinzelin de Braucourt, alichimba mahali hapo. Alikuta mabaki ya watu waliokaa kando ya maji na kuvua samaki: zana za mawe, mifupa ya samaki, na vyusa vya mfupa vilivyochongwa meno kwa ustadi. Pamoja na hivyo aliona mfupa mmoja wenye rangi ya kahawia nzito, urefu wake sentimeta 10 hivi, uliopachikwa kijiwe kikali nchani. Hapo kwanza umri wake ulidhaniwa kuwa mdogo zaidi. Vipimo vya baadaye viliusogeza nyuma hata kufikia miaka 20,000 hivi. Leo mfupa huo umetunzwa mjini Brussels, katika Taasisi ya Kifalme ya Ubelgiji ya Sayansi za Asili.

Juu ya mfupa huo mna alama za kukatwa, zimepangwa kwa mafungu, katika mistari mitatu. Mstari mmoja una mafungu ya 11, 21, 19 na 9. Mwingine una mafungu madogo madogo; mle mna 3 na kando yake 6, kisha 4 na kando yake 8, kana kwamba mwenye kukata alikuwa akiongeza mara mbili. Na mstari mwingine una mafungu manne tu: 11, 13, 17 na 19.

Wasomaji wapenzi, mmeziona? Ndizo zile mbao nne za namba yetu. Tena ndizo namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Hakuna iliyosahauliwa, wala hakuna ngeni iliyoingizwa. De Heinzelin mwenyewe aliliona jambo hilo, akaliandika mwaka 1962 katika gazeti la Marekani liitwalo Scientific American. Tangu hapo wengi wamesema, na wengine huwafundisha watoto, kwamba watu wa Ishango walijua namba tasa maelfu ya miaka kabla ya Wayunani.

Ni sifa tamu masikioni. Nani kati yetu, mwenyeji wa Beni au wa Butembo, asingependa iwe kweli? Lakini amri ya nane haikatazi tu kumsingizia mtu maovu. Yatukataza pia kushuhudia tusilolijua. Kwa hiyo yatupasa kuipima sifa hii kama tulivyoipima namba yetu, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza. Katika mistari miwili tunayoizungumzia, mafungu yote ni witiri: 11, 13, 17, 19, tena 11, 21, 19, 9. Tuseme basi kwamba mtu yule wa kale alipenda witiri, kwa sababu ambayo hakutuachia. Kati ya 10 na 20 witiri ni tano tu: 11, 13, 15, 17 na 19. Mtu akichagua nne katika hizo bila kufikiri habari ya tasa, njia zake ni tano, kwa kuwa lazima aache moja. Akiiacha 15, amepata tasa tupu. Yaani nafasi moja katika tano. Jambo linaloweza kutokea mara moja katika tano si mwujiza wa kushangaza.

Hatua ya pili. Jumlisheni mstari huo: 11 na 13 na 17 na 19 ni 60. Jumlisheni ule mwingine: 11 na 21 na 19 na 9 ni 60 vilevile. Tena tazameni jozi zake. Katika mstari wa tasa, 11 na 19 ni 30, na 13 na 17 ni 30. Katika mstari mwingine, 11 na 19 ni 30, na 21 na 9 ni 30. Kumbe mistari yote miwili yaweza kugawanywa katika thelathini mbili mbili! Thelathini ni karibu na siku za mwezi mwandamo. Mwaka 1972 Mmarekani Alexander Marshack, aliyeutazama mfupa huo kwa hadubini, aliandika kwamba huenda alama hizo ni hesabu ya siku za mwezi. Hatusemi kwamba amethibitisha. Twasema tu kwamba maelezo haya hayahitaji namba tasa hata kidogo.

Hatua ya tatu. Anayejua tasa ni lazima ajue kwanza kugawanya, na kutambua baki. Mfupa watuonyesha kuhesabu, na kupanga, na labda kuongeza mara mbili. Hautuonyeshi kugawanya. Na ule mstari wa mafungu madogo umechanganya 3, 5 na 7, ambazo ni tasa, pamoja na 4, 6 na 8, ambazo si tasa.

Basi twasemaje? Twasema hivi: kwamba namba nne tasa zipo juu ya mfupa, ni kweli, macho yaona. Kwamba aliyezikata alijua kuwa ni tasa, hatuna ushahidi. Wala tusidai kwamba alikuwa babu yetu wa ukoo; mapokeo ya Wanande wenyewe husimulia kwamba walivuka Semliki wakitokea upande wa mashariki, nayo ni safari ya juzi tu ikilinganishwa na miaka elfu ishirini.

Je, tumepoteza kitu? Hapana. Tumebaki na jambo kubwa lisilotikisika: kwamba hapa kwetu, kando ya maji haya haya ambayo wavuvi wa Kyavinyonge na Vitshumbi hutupia nyavu hata leo, mtu alikaa chini zamani sana, akashika mfupa, akahesabu kwa makusudi, akaweka kumbukumbu. Hiyo ni moja ya hesabu kongwe zilizopata kuonekana duniani. Mtoto wa Beni akiambiwa kwamba hesabu ni kitu kilichokuja na meli kutoka ng'ambo, ajibu kwa utulivu: aende Brussels akautazame mfupa. Na akiambiwa kwamba mababu walijua yote, wala hakuna cha kujifunza, ajibu kwa utulivu uleule: walianza, nasi tumeachiwa kuendelea. Sifa ya uongo ni kama nyumba iliyojengwa juu ya mchanga. Mgeni mmoja mwenye maswali aweza kuibomoa, na mtoto aliyeitegemea huona haya. Sifa ya kweli, hata ikiwa ndogo, yakaa juu ya mwamba.

Wavuvi na hesabu wamekwenda pamoja hata katika Injili. Yohane Mtakatifu, katika sura ya 21, atwambia kwamba Petro alivuta wavu wenye samaki wakubwa 153. Mtu fulani aliwahesabu. Agostino Mtakatifu, askofu wa Hipo katika nchi ambayo leo ni Aljeria, Mwafrika kama sisi, aliitafakari namba hiyo, akaona kwamba ukijumlisha 1 na 2 na 3 na kuendelea hivyo hata 17, wapata 153 kamili. Na 17, alisema, ni amri kumi pamoja na vipaji saba vya Roho Mtakatifu. Mapadri Waasumpsionisti, walioanza kazi katika nchi hii mwaka 1929, hufuata kanuni ya huyo Agostino. Lakini angalieni tofauti: Agostino alitafakari ili kuinua moyo kwa Mungu; hakudai kwamba Petro alikuwa akifanya hesabu ya 17 pale mashuani. Hesabu ni hesabu, tafakari ni tafakari, na mwenye hekima hazichanganyi.

Kutoka Afrika hiyohiyo ya kaskazini twapokea urithi mwingine. Kule Aleksandria ya Misri, karibu miaka 300 kabla ya Kristo, Euclid alionyesha kwamba namba tasa hazina mwisho. Hoja yake twaweza kuijaribu kwa namba yetu. Ongezeni moja juu ya 46,189, mpate 46,190. Hii haiwezi kugawanyika kwa 11, wala 13, wala 17, wala 19, kwa kuwa kila moja itaacha baki ya 1. Basi ukoo wake ni lazima uwe mwingine. Na kweli, ni 2 mara 5 mara 31 mara 149, tasa nne mpya. Mkikusanya tasa nyingi kiasi chochote, mkazizidisha na kuongeza moja, mtapata daima nyingine ambayo hamkuwa nayo. Kapu halijai kamwe. Mwezi wa Oktoba mwaka 2024 ilitangazwa namba tasa yenye tarakimu 41,024,320, nayo pia si ya mwisho.

Huenda mzazi auliza: haya yatatupa nini sokoni? Yatampa mengi. Ninyi mliozidisha 11 kwa 13 kwa 17 kwa 19 mliona kwamba ni kazi ya dakika chache. Lakini kuibomoa 46,189 kulichukua muda. Kuzidisha ni kuteremka mlima, na kutafuta ukoo ni kuupanda. Mwaka 1977 wataalamu watatu, Rivest, Shamir na Adleman, walitumia tofauti hiyo kutunza siri: wakachukua tasa mbili kubwa, wakazizidisha, wakatangaza jibu hadharani, wakazificha zile tasa zenyewe. Namba moja ya tarakimu 129 waliyoitoa kama changamoto ilikaa miaka 17 kabla ya kubomolewa mwaka 1994, tena kwa mashine za watu mamia kadhaa waliosaidiana. Njia hiyo, kwa namba kubwa zaidi, bado hulinda barua na fedha nyingi zinazopita katika mitambo ya dunia. Mfanyabiashara wa Butembo apelekaye fedha mbali bila kubeba noti anategemea hesabu za siri za namna hii, ingawa hazioni.

Na tuseme neno kwa ajili ya watoto walio mbali na shule. Tangu Oktoba mwaka 2014 mauaji katika eneo la Beni yamezifukuza jamaa nyingi vijijini, na wanafunzi wengi wameacha nyuma madaftari yao. Mzazi uliye ugenini, usikate tamaa ukafikiri kwamba akili ya mwanao itangoja mpaka amani irudi. Masomo mengine yataka vitabu. Haya yataka kijiti na mavumbi tu. Yule wa Ishango hakuwa na karatasi wala ubao. Kaeni jioni baada ya sala, mpe mtoto namba, muulize ukoo wake. Akikosea, arudie. Atajifunza kugawanya, na pamoja na hilo atajifunza kutokubali neno mpaka amelipima. Mtoto wa namna hiyo hatadanganywa kirahisi kwenye mizani ya kahawa, wala na mtu anayemwahidi utajiri wa haraka, wala na yule anayemchochea amchukie jirani kwa habari isiyo na ushahidi. Nchi yetu ina haja kubwa ya vijana wa namna hiyo.

Sasa swali la juma lijalo. Tumeuzidisha mstari wa tasa, tukapata 46,189 yenye vigawanyo 16. Chukueni ule mstari wa pili wa mfupa, 11, 21, 19 na 9, ambao jumla yake pia ni 60. Zidisheni namba zake nne. Mtapata namba iliyo ndogo kuliko 46,189, lakini yenye vigawanyo vingi zaidi. Vingapi, na kwa sababu gani? Anayejua ukoo wake atajua jibu. Angalieni tu kwamba 21 na 9 si tasa, na kwamba mmoja katika ukoo huo amekuja zaidi ya mara moja.

Mungu awabariki katika nyumba zenu na katika masomo yenu.